Karatasi

Miaka kumi na saba nimepigilia vitanda Gikomba,
vitanda vya tano kwa sita, dabodeka za mabweni,
vitanda vya maharusi wasiojuana uzito.
Sikuwahi kushika guni. Jicho langu ndilo lilikuwa guni,
na pale jicho lilipokosea palikuwa na msumari,
na pale msumari ulipopinda palikuwa na gundi na unga wa mbao,
na juu ya vyote, vanishi.
Vanishi ni msiri mkubwa.

Mwezi wa tatu akaja msimamizi wa mjengo wa Pangani:
milango mia mbili na arobaini, kazi ya mwaka mzima.
Akapapasa meza yangu, akaguna kwa kuridhika,
akauliza, "Karatasi iko wapi?"
Nikadhani anataka risiti.

Ndivyo nilivyojikuta na ovaroli ya buluu Kariobangi,
mimi, Mulwa, baba wa watatu,
kati ya vijana ambao ndevu zao bado ni tetesi.
Walinipisha kiti cha mbele.
Nilikikagua miguu kabla ya kukikalia.

Mwalimu wetu ni Kerubo, miaka ishirini na sita,
kidole chake cha shahada kimefupishwa na msumeno wa umeme.
Hakificha. Siku ya kwanza alikiinua:
"Huyu ndiye mwalimu mkuu. Mimi ni naibu wake."
Akaniambia nijifunze kushika randa upya. Upya!
Kama mtu anayefundishwa kutembea akiwa njiani kutoka sokoni.
"Mzee, usisukume kwa hasira,
saiprasi haijakukosea kitu."
Nikanyamaza. Nikasukuma. Maranda yakatoka
marefu, membamba, yakijikunja kama mvuke wa chai,
na sikuwa nimejua kwamba ubao unaweza kuvuliwa
bila kupiga kelele.

Tukafika kwenye ulimi na tundu.
Ulimi wa ubao mmoja uingie tundu la mwenziwe,
usikwame, usicheze, usiite msumari kuamua kesi.
Kerubo ana ukanda aliouchana kwenye daftari.
Anaupitisha kwenye kiungo. Ukiingia, umeanguka.
Kwangu uliingia,
ukatokea upande wa pili ukinipungia.
Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tano.
Vijana hawakucheka; hilo ndilo liliniuma.

Jioni nikawa nabaki, mimi na jiliwa na patasi.
Siku moja stima zikapotea, nikaendelea kwa kupapasa,
nikagundua mkono wangu wa kulia una haraka ya mdeni,
haraka ya kodi, ya karo,
ya mteja anayesubiri na mkokoteni umeshalipiwa.
Wa kushoto haukuwahi kudaiwa.
Nikaupa patasi uongoze.

Mtihani: saa sita, stuli moja.
Mtahini mgeni, koti la kijivu, hana maneno.
Akatoa ukanda wake mwenyewe,
akajaribu mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Kwenye wa nne akarudia mara mbili, nami nikasahau kupumua.
Karatasi ikajikunja, ikakataa kuingia.
Akaandika kitu nisichokiona,
akaisimamisha stuli, akaikalia,
akafungua chupa yake ya chai.

Nimeipokea juzi. Ina muhuri na jina langu lote,
hata lile la ubatizo analolijua mamangu peke yake.
Mutheu akasema tuitie fremu, tuitundike juu ya redio.
Nikamwambia angoje kwanza.
Nikainua godoro la kitanda chetu,
kitanda nilichokipigilia mwaka tuliooana,
kitanda ambacho majirani wanakijua kwa sauti,
nikaijaribu karatasi yangu mpya kwenye kona ya kichwani.

Iliingia. Na muhuri wake.

"Sasa unafanya nini?" akauliza, fremu mkononi.
"Nasahihisha," nikasema,
nikaenda kutafuta patasi.